Habari Yenye Majina

Mwalimu Yunusu alikuwa na amri moja isiyojadiliwa: habari isiyo na jina la mtu ni umbea. Aliirudia kila asubuhi mbele ya wanafunzi kumi na mmoja wa darasa la uandishi wa habari, pale chuo cha serikali Sumbawanga, na Zenon aliishika kuliko hata Baba Yetu. Ndiyo shida ya vijana wasikivu.

Mwaka huo, 1954, serikali ilikuwa imepiga marufuku ntumba, vile vilima vya nyasi na udongo ambavyo Wafipa wamelimia ulezi tangu enzi za babu zao. Ilitaka matuta marefu, yaliyopimwa kwa kamba. Zenon alipoagizwa kuleta habari ya kijijini kwa ajili ya gazeti la wilaya, hakuhangaika. Alikwenda kwa Kalisti, kaka wa marehemu mama yake, aliyemlea tangu hajaota meno. Wakala, wakacheka, na mzee akasema, "Matuta yao nimelima mawili, kando ya njia, Bwana Shamba ayaone. Kule nyuma ya kilima nina ntumba zangu. Kamba haishibishi watoto."

Maneno matamu hayo! Zenon aliyaandika yote, akaweka na jina. Mwalimu akampa alama za juu, gazeti likayachapa ukurasa wa kwanza, naye akatembea mtaa mzima wa Mazwi, pale mjini, kifua mbele, mpumbavu yule.

Wiki haikuisha, Kalisti akasimamishwa barazani. Ntumba zenyewe mkewe Adela alikwisha kuzitawanya kwa jembe. Ushahidi ulikuwa gazeti tu. Karani akalisoma kwa sauti, kisha hakimu akauliza, "Mzee, ulisema haya? Kama hukusema, kijana huyu ni mwongo, na chuo kitamfukuza leo hii."

Zenon alikuwa amesimama palepale. Angeweza kusema kwamba ametunga. Lakini alikitaka cheti chake, na huo ndio ukweli, hata ukipakwa asali.

"Nilisema," Kalisti akajibu. "Kila neno."

Miezi mitatu jela. Watu wakanong'onezana kwamba kikulacho ki nguoni mwako. Askari alipompitisha mlangoni, Kalisti akasimama kidogo mbele ya mpwa wake, hana hata hasira.

"Umeandika sawasawa, mwanangu. Ila mimi nilikuwa naongea na wewe."