Kombe la Manyoni Lilivyobonyea

Kila Jumatatu saa mbili asubuhi Ignas, katibu wa Ligi ya Stesheni, alifungua kabati katika stoo ya mizigo ya Manyoni, akalitoa kombe, akalifuta vumbi na kulirudisha. Mwaka ule wa 1938 timu ya Manyoni ndiyo iliyokuwa ikilishikilia. Jumatatu ya kwanza baada ya Pasaka alilikuta limebonyea ubavuni. Palikuwa na vishimo vinne vilivyopangana vizuri. Kufuli lilikuwa zima. Ignas aliandika kitabuni, "Kombe limebonyea," kisha akalipeleka kwa Antipasi, fundi bati aliyekuwa akitengeneza vibatari ng'ambo ya reli.

Antipasi aligonga kwa ndani mpaka likanyooka. Wiki iliyofuata likarudi, safari hii limebonyea mdomoni.

"Mnalilaza na ng'ombe?" Antipasi aliuliza.

"Linalala peke yake."

"Basi linaota vibaya," alisema Antipasi, akachukua nyundo.

Jumatatu ya tatu, kamati ilipokuwa imekaa kujadili kama kabati lina unyevu, aliingia Damari, mke wa Melkiori. Melkiori alikuwa winga wa kushoto, na siku za kazi alifunga mataruma ya reli. Magoli yake yalijulikana kuanzia Itigi hadi Saranda, na watoto wawili waliozaliwa mwaka ule walikuwa wamepewa jina lake. Damari aliwaamkia wazee shikamoo mmoja mmoja, kisha akakaa pembeni ya benchi, kwa upande.

"Hayo mabonyeo ni yangu," alisema.

"Yako kivipi, binti yangu?" aliuliza mwenyekiti, mzee Leonidas, karani wa tikiti.

"Melkiori hunipiga Jumamosi, timu ikifungwa. Ikishinda hunipiga Jumapili. Maumivu ninabaki nayo mimi, alama zinakuja kwenu huku."

Wajumbe waliliangalia kombe, kisha wakauangalia mkono wa Damari. Mkono ulikuwa laini, hauna hata mchubuko. Ignas aliweka ngumi yake katika vile vishimo vinne akaona ni vya mtu mwenye mkono mkubwa zaidi.

"Ni kweli," alisema. "Ngumi hii ni ya Melkiori."

Hakuna aliyebisha. Mzee Leonidas alimpa Damari pole, na wajumbe wote wakampa pole, na mmoja akamtilia chai.

"Naomba mmzuie kucheza mpaka aache," Damari alisema. "Hana kingine anachokiogopa."

Mzee Leonidas alivaa miwani akafungua kitabu cha sheria, akasoma polepole ili kila mtu asikie: mchezaji akimpiga mtu yeyote ndani ya mistari ya chokaa ya uwanja, atatolewa na kukosa mechi tatu.

"Alikupigia wapi?"

"Nyumbani."

"Nyumbani ni nje ya chokaa," alisema mzee Leonidas kwa huzuni, akakifunga kitabu.

Hata hivyo kamati haikukaa kimya. Ilimwita Melkiori, ikamweleza kwamba bwana mkubwa wa reli angekuja Alhamisi kuliona kombe, ikamwomba avumilie angalau hadi Ijumaa. Melkiori alikuwa mtu wa adabu mbele ya wazee. Alisema amesikia, akavumilia hadi Jumanne.

Damari alimsimulia jirani yake Febronia habari ya chokaa walipokuwa wakipepeta mtama. Nyumba zao zilikuwa za reli, zimejipanga kando ya uwanja, na kutoka kibendera cha kona hadi jiko la Damari zilikuwa hatua arobaini tu.

"Kumbe kinachokosekana ni chokaa?" alisema Febronia.

"Ndivyo walivyosoma."

"Dada, hata chokaa? Si imejaa madebe mawili pale nyuma ya choo cha stesheni!"

Walicheka mpaka mtama ukamwagika. Ijumaa mchana, wanaume wakiwa kazini, wanawake hao wawili waliichukua chokaa, wakaanza penye kibendera cha kona, wakavuka njia, wakaizunguka nyumba ya Damari pamoja na jiko na kibanda cha kuku, wakarudi kuungana na mstari wa zamani. Febronia, aliyekuwa na mkono mzuri kuliko mchora mistari wa kamati, alinyoosha na ule wa zamani palipopinda.

Refa wa Jumamosi alikuwa mwalimu Ezekieli wa misheni. Desturi yake kabla ya kila mechi ilikuwa kuifuata chokaa kwa miguu, uwanja mzima, mikono nyuma. Siku hiyo aliifuata akavuka njia, akapita nyuma ya jiko, akamwamkia Damari, akatokea upande wa pili. Aliandika katika daftari lake kwamba uwanja una nyumba moja. Kisha aliwahesabu kuku, akakuta saba, akawatoa nje kwa kuwa hawakuwa wameandikishwa katika timu yoyote.

Itigi walilalamika kidogo kwamba upande ule una kivuli. Mpira ukaanza. Mara mbili uliingia jikoni, na mara zote mbili Damari aliusukuma nje kwa mwiko, na mwalimu Ezekieli akaamua uangushwe upya. Watazamaji walifurahi sana. Wazee walisema hawajaona mechi yenye harufu nzuri ya maharage kama ile.

Wakati wa mapumziko Manyoni walikuwa nyuma kwa bao moja. Melkiori hakwenda kunywa maji na wenzake. Aliingia nyumbani, akakuta chai haijachemka, akainua mkono. Mwalimu Ezekieli alikuwa amesimama dirishani akila chungwa. Kishindo kiliposikika, alilitema chungwa akapuliza filimbi.

"Melkiori! Nje!"

"Mwalimu, hii ni nyumba yangu."

"Ni ndani ya chokaa," alisema mwalimu Ezekieli. "Toka."

Melkiori alizoea kuitii filimbi tangu alipokuwa mtoto wa shule. Alitoka, akaivuka chokaa, akakaa chini upande wa pili pamoja na wale kuku saba. Manyoni walifungwa matatu.

Wiki mbili zilizofuata zilikuwa njema. Kwa kuwa adhabu yake haikuwa imekwisha, na chokaa ilikuwepo, Melkiori alilala kwa kaka yake. Damari aliimba alipokuwa akifagia. Antipasi alirudia vibatari vyake. Ignas alilifuta kombe Jumatatu mbili mfululizo akajiona sura yake yote humo, na hakukumbuka kwamba alikuwa na masharubu mazuri kiasi kile.

Lakini Manyoni walifungwa tena, na tena, na mechi ya tatu ndiyo iliyokuwa ya fainali, ambayo mwenye kombe huingia moja kwa moja. Watu walianza kumpita mzee Leonidas dirishani kwake bila kumwamkia. Siku tatu kabla ya fainali kamati ilikaa tangu asubuhi hadi adhuhuri. Iliamua kwamba uwanja wa mpira hauwezi kuwa na jiko. Kwamba chokaa itawekwa chini ya kufuli. Na kwamba adhabu ya Melkiori imefutwa, kwa kuwa alipiga mahali pasipo na nyasi. Mwalimu Ezekieli, aliyeitwa kama refa, peke yake alikataa, akashukuriwa kwa kazi yake ya miaka mingi. Vijana wanne waliifagia chokaa ya Febronia kwa matawi, nao walisikitika, maana ilikuwa imenyooka kweli.

Katika fainali Melkiori alifunga mawili, Manyoni wakashinda. Alibebwa mabegani hadi stesheni, kombe likiwa mikononi mwake, na waliolitazama kwa karibu waliliona likibonyea taratibu Jumapili yake jioni, katika karamu ya ushindi, mezani, mbele ya wageni, karibu na sahani ya pilau.

Jumatatu Damari alipanda treni ya njia ya tawi kwenda kwao Kinyangiri na kuku wake saba. Febronia alimsindikiza. Kondakta aliwaruhusu kuku wakae dirishani. Damari alipunga mkono akicheka, na hakurudi tena. Baadaye ilisikika kwamba analima vitunguu na amenenepa.

Kamati nayo ilifurahi, kwani sasa kombe lingepona. Melkiori alipelekwa Tabora mwezi mzima kufundishwa kazi mpya ya reli. Jumatatu ya kwanza baada ya kuondoka kwake, Ignas alifungua kabati akalikuta kombe limebonyea. Palikuwa mahali papya, chini ya mkono wa kombe, na ngumi ilikuwa ndogo zaidi.

Ignas aliangalia orodha ya timu iliyobandikwa ukutani. Ilikuwa na majina mengine kumi.

Kamati iliketi. Ilikubali kwamba makombe hubonyea, ikamwandikia Antipasi kazi ya kudumu, na ikaazimia kombe lishonewe kitambaa chenye maua cha kulifunika siku za wageni. Wake wa wachezaji waliombwa kukishona. Walikuja wote, wakakaa kwenye mkeka katika jukwaa la stesheni, wakagombania nyuzi nyekundu na kutaniana kwa sauti kubwa. Katikati ya kicheko kila mmoja alikuwa akitazama kwa pembe ya jicho, aone ni nani anayeivuta sindano kwa shida.