Matairi Manne Ubavuni pa Mlima

Mtaani walimwita Mama Miwani, ingawa hakuwa na mtoto na mwenyewe hakuvaa miwani. Kazi yake ilikuwa kupima macho. Kutwa nzima alikaa katika chumba chenye pazia zito, akiwabadilishia watu vioo mbele ya jicho na kuwauliza swali lile lile: "Ipi afadhali, hii au hii?" Wakichoka, walisema zote sawa. Hapo aliwaambia wapumzishe macho kwanza, maana aliyechoka huchagua ilimradi atoke.

Mumewe alikuwa mwalimu wa jiografia, na hata nyumbani mkewe alimwita Mwalimu. Kila Jumamosi asubuhi walipanda pikipiki wakaenda kwenye njia za mlimani, mume mbele, mke nyuma, wakauzunguka mlima na kurudi mchana wamejaa vumbi mpaka kwenye kope. Hawakuwa na mazungumzo mengi njiani. Mwalimu alipiga kelele za utani upepo ukazimeza nusu, na mke akacheka hiyo nusu iliyomfikia.

Mwalimu alifariki kwa maradhi ya figo. Watu walikuja, wakalia, wakala, wakarudi kwenye shughuli zao, kama walio hai wanavyopaswa. Pikipiki ikabaki kibandani chini ya turubai, na Jumamosi zikawa ndefu. Mama Miwani alifua nguo zilizokuwa safi. Alipanga kabati, akapangua, akapanga tena. Alipika cha mtu mmoja, na bado kikabaki.

Asubuhi moja alivua lile turubai, akaitoa pikipiki. Hakufika hata getini. Goti lake la kushoto, lililowahi kuvunjika, lilikataa uzito, pikipiki ikamlalia pale pale uani. Akaita. Hakuna aliyeitika. Akaita tena kwa nguvu zaidi, na safari hii akajisikia mwenyewe: alikuwa anamwita Mwalimu. Alijivuta taratibu mpaka mguu ukatoka, akakaa chini akiliangalia goti lililochubuka, huku tairi la mbele likizunguka polepole mpaka likasimama.

Ndipo alipoamua kutafuta pikipiki ya matairi manne.

Alimwambia wifi yake, dada wa marehemu, mwanamke mwenye duka la vitambaa na mdomo usiojua likizo.

"Porini? Peke yako?" wifi akashangaa. "Wenzako wakifiwa wanafuga kuku."

"Kuku sitaki."

"Basi twende wote. Usije ukauziwa jeneza lenye taa."

Duka lilikuwa mtaa wa viwanda, kati ya muuza pampu za maji na fundi wa kuchomelea. Muuzaji alikuwa mwanamume mnene, mchangamfu, kalamu sikioni. Moja kwa moja aliwapeleka kwenye mashine nyekundu iliyosimama juu juu, kama imekanyaga kitu cha moto.

"Hii, dada yangu, ndiyo yenyewe. Injini yake si mchezo. Ukigusa tu, umeshafika."

"Umefika wapi?" wifi akauliza.

"Popote, mama."

"Ahera nako ni popote."

Mama Miwani alisubiri wamalize kucheka. "Sitaki inayokimbia," akasema. "Ninakokwenda kuna mahali njia inakata ubavu wa mlima. Huku ukuta, huku korongo, na njia yenyewe imelalia korongoni. Nataka isiyopinduka."

Muuzaji alitoa kalamu sikioni, akaacha sauti ya biashara. "Isiyopinduka haipo. Asikudanganye mtu. Ipo inayochelewa kupinduka. Njoo huku nyuma."

Nyuma ya duka palikuwa na kilima cha kifusi kilichoshindiliwa, mahali pa kujaribia. Akamvalisha kofia ngumu, akamwonyesha breki na namna ya kubonyeza mafuta kwa kidole gumba. Mama Miwani akaikatisha ile nyekundu ubavuni mwa kilima. Hatua chache tu, matairi ya upande wa juu yakaanza kuiaga ardhi. Muuzaji alirukia pa kuwekea mguu, akaning'inia kama kondakta, uzito wake ukairudisha chini.

"Mshushe mwanamke huyo!" wifi akapiga kelele. "Huyo ni mke wa kaka yangu!"

Ya pili ilikuwa ndogo, fupi, ya bei nafuu. Ubavuni ilijitahidi, lakini ilipoelekezwa kupanda kilima moja kwa moja, pua iliinuka na usukani ukawa mwepesi mikononi, kama haukuunganishwa na kitu. Mama Miwani akaishusha kwa breki, jasho likimtiririka ndani ya kofia. Alitamani kusema zote sawa, arudi nyumbani. Aliomba maji, akakaa kivulini, akafumba macho kidogo.

Ya tatu ilikuwa ya kijivu, pana, ndefu, uzito wote uko chini.

"Hii ina sura ya ng'ombe aliyelala," wifi akasema.

Ikapita ubavuni kimya kimya. Ikapanda, ikashuka, ikapita tena. Matairi yote manne yaling'ang'ania kifusi kama kupe.

"Upana unaisaidia ubavuni, urefu unaituliza kwenye kupanda," muuzaji akaeleza. "Imerefushwa kwa ajili ya kiti cha nyuma. Zile mbili ni za mtu mmoja, ukipakia mwenzio unaharibu mizani."

"Yenye umbo hili, ya mtu mmoja, haipo?"

"Kwangu haipo. Lakini kuna ubaya gani? Mzee naye amepata pa kukaa. Mlete wiki ijayo aijaribu."

Wifi, aliyekuwa na jibu kwa kila jambo, akaanza kutafuta kitu mkobani.

"Naichukua," Mama Miwani akasema.

Alifanya mazoezi pale nyuma ya duka kila alipotoka kazini, mpaka muuzaji akachoka kumtazama. Siku ya kuipakia kwenye lori alimwambia jambo moja tu: "Mashine itakushika nusu. Nusu jishike mwenyewe. Ukiwa ubavuni, egemea upande wa juu, na macho yaende mbali. Usiangalie tairi."

Wifi aliahidi kumsindikiza Jumamosi ya kwanza. Asubuhi ukaingia ujumbe: mgongo, wifi yangu, mgongo. Mama Miwani akafunga chupa ya chai kwenye kiti cha nyuma kwa mpira, akaondoka.

Kumbe njia hakuijua. Miaka yote ile alikuwa ameijua kwa mgongo wa mume: jasho likianza katikati ya mabega, mlima umeanza, shati likikauka, wamefika juu. Kwenye njia panda ya kwanza alisimama, akabaki anaangalia kushoto na kulia. Hakuna aliyemuuliza ipi afadhali. Akachagua kulia, akaishia kwenye miiba, akarudi.

Hatimaye akafika ubavuni. Hapa ndipo alipokuwa anafumba macho. Kila mara, bila kukosa, alikuwa akizika uso mgongoni mwa Mwalimu mpaka asikie, "Tumepita!" Sasa akaegemea upande wa ukuta, akabonyeza mafuta kidogo kidogo, akapeleka macho mbali kama alivyoagizwa.

Chini ya korongo kulikuwa na ziwa.

Si dimbwi. Ziwa zima, la mviringo, maji ya kijani yaliyotulia, ndege weupe wamejipanga ukingoni. Alipopita pale pabaya alizima injini, akashuka, akakaa juu ya jiwe. Mwalimu alikuwa akimwambia. "Fumbua macho, kuna ziwa!" Na yeye alikuwa akimjibu, "Ziwa la babu yako!" kwa kuwa mtu yule alikuwa na utani, angeweza kukuambia kuna meli. Walibishana hivyo miaka na miaka, wakicheka.

"Kumbe lipo," akasema kwa sauti.

Upepo ulipita majanini. Akagundua kuwa anasubiri kujibiwa, na hapo machozi yakamtoka, mengi kuliko ya siku ya mazishi. Chai hakuinywa.

Jioni alimpigia wifi simu. "Kaka yako aliwahi kukwambia kuna ziwa kule mlimani?"

"Alisema. Nani angemwamini yule?" Wifi akavuta makamasi. "Lipo?"

"Lipo. Njoo nikuonyeshe."

"Ngoja mgongo upoe kwanza."

Mgongo haukupoa Jumamosi iliyofuata, wala ile nyingine. Mama Miwani hakumlaumu. Kila mtu ana namna yake ya kufumba macho. Aliendelea kwenda peke yake. Njia panda akazizoea, na ubavuni hofu ikamwisha. Siku moja aliona kijia kinachoteremka korongoni, akakishuka taratibu kwa breki mpaka majini. Akavua viatu, akaingia mpaka magotini. Maji yalikuwa baridi, ndege wakaruka wote kwa pamoja, na ziwa lile lilikuwa kubwa kuliko alivyolidhania kutoka juu.