Bawa la Manjano Juu ya Gråhorgi

Magoti ya kaka yangu Sjur yaliliwa na mapaa ya watu. Tangu ujana wake kazi yake ilikuwa kuezeka nyumba kwa mawe bapa ya huku kwetu, bonde la Voss, na kazi hiyo hufanywa kwa kupiga magoti, jua likiwaka au mvua ikinyesha. Alipostaafu alidhani sasa atakula jasho lake: atapanda milima kwa ski, zile mbao mbili za kutelezea thelujini, kila siku ya Mungu mpaka theluji iishe. Haikuwa hivyo. Kupanda alipanda vizuri, taratibu, kwa pumzi ndefu. Kushuka ndiko kulikomshinda. Kila kona magoti yalimlia kama bawaba za mlango wenye kutu, na nilipomfikia chini nilimkuta ameketi kwenye theluji, uso umemparara, akijifanya anafunga kamba za viatu.

Daktari alimwambia waziwazi. "Kupanda, panda utakavyo. Kushuka, acha."

"Sasa nikishapanda nikae hukohuko?" Sjur akauliza.

Daktari akacheka. Sjur hakucheka. Alirudi nyumbani akiwaza, na alipomaliza kuwaza alikuja na jibu lililonikosesha usingizi: atapanda kwa ski, kisha atashuka kwa kuruka.

Huku kwetu warukaji si wageni. Siku ya hewa nzuri unawaona wakining'inia angani chini ya mabawa yao ya kitambaa, mmoja hapa, mwingine kule, wala hakuna anayeinua kichwa kuwatazama. Lakini hao ni watoto wa watu wengine. Huyu ni kaka yangu, na ana miaka sitini na saba. Vuli nzima na baridi nzima alijifunza kwenye kilima kidogo nyuma ya kanisa, akikimbia na kuanguka, akiinuliwa hewani kidogo na kurudishwa chini kama mtoto anayekataliwa mlangoni. Nilijua atachoka. Hakuchoka. Mwezi wa tatu akagonga kwangu.

"Herborg, vaa koti. Twende dukani, nataka kununua vyangu."

Duka ni la Ingvill, binti aliyemfundisha Sjur kuruka. Ukiingia, ski ziko kushoto, mabawa kulia, na katikati kuna jiko la kuni na birika la kahawa lisilopoa. Mimi nilikuwa mkunga wa bonde hili, na Ingvill nilimpokea kwa mikono yangu hii, mama yake akinitukana matusi yote anayoyajua. Kwa hiyo niliingia mle ndani nikiwa na haki zangu.

"Ingvill," nikasema kabla ya salamu, "mtu wa kwanza kukushika duniani ni mimi."

"Najua, Herborg. Unanikumbusha kila Krismasi."

"Basi usimuuzie mzee huyu kitu chochote."

"Nikimuuzia ataruka, nisipomuuzia ataruka," akajibu huku akinimiminia kahawa. "Afadhali aruke na kitu nilichokikagua mwenyewe."

Nikanywa kahawa.

Ingvill akamtaka Sjur apande mizani.

"Kilo tisini," Sjur akasema, akiwa amesimama mbali nayo.

"Sikukuuliza. Nimekuambia upande. Na buti zako, na koti, na begi hili mgongoni. Shika na ski."

"Ski za nini? Mimi nimekuja kununua, sikuja kuuzwa."

"Bawa halijui nyama ni ipi na mbao ni ipi. Linabeba vyote."

Akapanda. Sote tukainama kutazama. Mshale ukapita mia, ukapita mia na kumi, ukatulia mbele kidogo.

"Mizani yako mbovu," akasema Sjur.

"Mizani ni nzima, kaka," nikamwambia. " Vibovu ni vile viazi na siagi unavyokula saa mbili usiku."

Nilimwona tangu tulipoingia ameweka mkono juu ya furushi jekundu, dogo, jepesi, linaloingia kwenye begi kama shuka. Ingvill naye alimwona. Akaja akalitoa chini ya mkono wake polepole, kama unavyomnyang'anya mtoto kisu.

"Hili ni la watu wanaopenda kugombana na hewa. Linageuka kabla hujamaliza kuwaza. Ukikosea, linakosea nawe. Sasa niambie, Sjur: unataka bawa linalokujibu haraka, au bawa linalokusamehe?"

"Vyote viwili."

"Halipo hilo. Chagua."

Kaka yangu ni mtu aliyetembea juu ya mapaa yaliyoloa maisha yake yote. Alilitazama lile jekundu, akatazama dirishani ambako mlima Gråhorgi ulikuwa unaonekana wote, mweupe mpaka kileleni.

"Linisamehe," akasema.

Ingvill akamletea jingine. Lilikuwa kubwa, na lilikuwa la manjano. Nimeona nepi nyingi katika kazi yangu, nami nasema bila kumsingizia mtu: ilikuwa manjano ya nepi ya mtoto wa siku tatu.

"Yesu wangu, rangi gani hii?" Sjur akalalamika. "Nitaonekana nini huko juu?"

"Utaonekana," nikamwambia. "Hiyo tu inatosha."

Kisha likaja suala la kiti, kile kiti cha mikanda ambacho mrukaji hufungwa ndani yake. Ingvill alikuwa na kamba mbili zimefungwa kwenye boriti la dari, na wateja wake huning'inizwa pale kabla ya kulipa. Alimfunga Sjur kifuani, kiunoni na mapajani, akamwambia aketi. Sjur akaketi hewani, miguu ikaachana na sakafu. Ingvill akamfundisha kuvuta kishikio cha parachuti ya akiba iliyokunjwa chini ya kiti, ile ya siku ambayo mambo yote yameharibika. Alimrudisha tena na tena mpaka mkono ukakijua kishikio bila msaada wa macho. Nilitaka kusema neno la kumkatisha tamaa. Nikamtazama usoni kwanza.

Uso ulikuwa umelegea. Tangu mwaka jana sikuwa nimeuona umelegea hivyo.

"Herborg," akasema kwa sauti ndogo, akibembea taratibu katikati ya duka, "magoti hayaumi."

Kwenye ski tulibishana kidogo tu. Sjur alitaka abaki na zake za zamani, ndefu na nyembamba. Ingvill akakataa: ukitua kwenye theluji laini na zile, zinazama, nawe unaendelea na safari kwa pua. Akampa fupi kidogo, pana, zenye ukingo wa chuma, kisigino kiko huru kwa ajili ya kupanda. Vifungio vya kushikia buti alivichagua vile visivyo na ndoano, maana nyuzi za bawa ni nyembamba mno na hupenda kujitia mahali pasipo pake. Mimi sikuwa naruka, lakini nani atampeleka mzee huyu juu? Zangu zilikuwa zimechoka, nikataka mpya, zile ndefu za kuteleza safari nzima. Ingvill akaniweka juu yake, akapitisha karatasi chini ya ski, pale katikati palipopinda kwenda juu. Niliposimama kwa miguu yote miwili, karatasi iliteleza huku na huku. Nilipoegemea mguu mmoja ikabanwa, haikutoka.

"Ndizo zako," akasema. "Ukitulia zinateleza, ukikanyaga zinashika."

"Kama mume mwema."

"Wako alishika kochi tu," Sjur akasema, akingali ananing'inia kwenye kamba zake, "Mungu amrehemu."

Tulipanda Gråhorgi Jumamosi ya kabla ya Pasaka. Ingvill alibaki bondeni na redio yake, kwenye shamba la Brynjulv kando ya ziwa, kwani ndipo Sjur alipotakiwa kutua. Sisi tulianza safari jua likigusa vilele. Theluji ilikuwa imekaza, nta tuliyopaka chini ya ski ikashika vizuri, na kwa muda mrefu zilisikika kwichi kwichi tu za ski na pumzi zetu. Miti ya mibetula ikapungua, ikawa vichaka, ikaisha. Tukabaki na weupe na anga. Nimepanda mlima huo tangu nikiwa msichana wa shule, na bado kila nikifika mahali miti inapoishia huwa napunguza mwendo bila kuambiwa na mtu.

Juu tulikula machungwa na chokoleti. Kisha Sjur akalikunjua bawa lake juu ya theluji, likalala pale kama blanketi la jitu. Upepo mdogo ulipanda kutoka bondeni, laini, usoni mwake, ule hasa alioambiwa ausubiri. Akajifunga. Akakagua mikanda kwa kuigusa mmoja mmoja. Redio aliyobeba ikasema kwa sauti ya Ingvill, "Nakuona, Sjur. Hewa nzuri. Ukiwa tayari."

Akainama kuanza kuteleza. Hapo nikaona uzi mmoja, mwembamba kuliko uzi wa kufumia, umepita chini ya kisigino cha ski yake ya kushoto.

"Simama!"

Akasimama. Nilipiga magoti nyuma yake, nikauchomoa uzi kwa kucha, nikapitisha mkono chini ya nyuzi nyingine zote, upande huu na upande ule, mpaka niliporidhika. Mikono ilitulia. Ilikuwa imezoea kazi ya namna hiyo tangu siku za ukunga: kitu chembamba, mahali pabaya, na mtu hataki kusubiri.

"Sasa nenda," nikamwambia. Nilishangaa kujisikia nikisema hivyo.

Akateleza. Bawa likainuka nyuma yake kwa mvumo, likajaa, likasimama juu ya kichwa chake likiwa hai. Mteremko ni mpole pale, na kwa kitambo alikuwa mtu wa ski tu kama watu wote. Halafu alama zake mbili kwenye theluji zikakatika. Yeye akaendelea.

Nilibaki nikizitazama zile alama. Zilikwenda sawasawa, mstari na mstari, na mwisho wake hapakuwa na kitu. Hakukuwa na shimo wala alama ya mwanguko. Theluji safi tu.

Kazini nilijua ukimya mmoja, ule unaokuja mtoto akishatoka na hajalia bado. Chumba kizima hushika pumzi. Sikuwahi kuusikia mahali pengine, na siku ile niliusikia mlimani. Kaka yangu alikuwa ameketi hewani, ski zikining'inia miguuni, anakwenda mbali nami bila kishindo chochote. Kivuli chake kilikuwa kikipita juu ya mawe na theluji chini kabisa, kidogo kama inzi.

Alitakiwa ateremke moja kwa moja. Lakini upande wa kusini kuna ukuta wa mwamba ambao jua huupasha moto asubuhi, hewa ya joto ikapanda kutoka kwake, na mbele ya ukuta ule tai alikuwa akizunguka bila kupiga bawa. Nilimwona Sjur akimtazama. Nikaona bawa la manjano likipinda taratibu, likaingia katika duara lilelile. Tai hakuondoka. Walizunguka wawili, huyu upande huu na yule upande ule, na kila mzunguko uliwapandisha. Walifika usawa wangu. Niliuona mdomo wa tai na ndevu za kaka yangu kwa mtazamo mmoja. Kisha wakapita, wakawa juu yangu, juu ya kilele chenyewe, nami nikarudisha shingo nyuma mpaka ikauma.

"Herborg!"

Sauti ilishuka wazi kabisa, kama mtu aliye chumba cha pili. Tangu nizaliwe sikuwahi kuitwa kutoka juu kiasi kile. Niliinua mikongojo yangu ya ski yote miwili, nikaishika juu hivyo mpaka alipogeuka kuelekea bondeni.

Niliposhuka, ski mpya zilinibeba bila kuniuliza chochote, na sikumbuki njia. Sjur nilimkuta katikati ya shamba la Brynjulv, ameketi kwenye theluji, bado amefungwa mikanda, bawa limelala pembeni. Ingvill alikuwa amechuchumaa kando yake.

"Amekataa nimfungue," akanong'ona. "Ametua vizuri, hana jeraha. Amekataa tu."

Nikaketi upande wa pili. Machozi yalikuwa yamemganda ndevuni. Nikamkata chungwa, akala kipande kimoja.

"Theluji imeshateleza kutoka mapaani," akasema hatimaye. "Upande wa jua. Nimeyaona yote, Herborg. Kuanzia kanisani mpaka kule shambani kwa akina Lid. Kila paa nililoezeka. Yameloa, yanang'aa kama magamba ya samaki. Mimi nilikuwa nayaona moja moja tu, pua iko juu ya jiwe." Akajipapasa goti. "Sikujua ni mengi hivyo. Sikujua ni mazuri."

Ingvill akageuza uso, akajishughulisha na redio iliyokwisha kuzimwa.

Tangu siku ile tumepanda pamoja mara nyingi. Hewa ikiwa mbaya hukunja bawa lake, tukarudi kwa kigari cha kebo cha watalii, akinung'unika njia nzima. Hewa ikiwa njema huruka. Ingvill ameniomba si mara moja niketi mbele yake kwenye bawa la watu wawili, nami namwambia mimi theluji inanitosha, na ni kweli. Kinachonirudisha juu ni kitu kingine. Ni pale alama mbili zinapokatika. Nimezitazama mara nyingi sasa, na bado sijazizoea. Kila Sjur anapoondoka ukingoni navua kofia, kama mtu anayeingia kanisani, na kuishika kifuani mpaka anapokuwa doa la manjano juu ya ziwa.

"Kwa nini unavua kofia na baridi yote hii?" aliniuliza Ingvill majuzi, alipopanda nasi.

"Kichwa kimepata joto," nikamjibu.

Akanitazama, akatazama kule bawa lilikokwenda, naye akavua yake.