Mafuta Katika Mtutu

Ilikuwa Agosti ya mwaka 2012, kiangazi kikiwa kimekausha hata visima vinavyochimbwa mchangani. Nilikuwa Sajini mtunza silaha katika kituo kidogo nje ya Kakuma, mwanamke mwenye wajukuu wanne, na mwaka mmoja tu ulikuwa umebaki kabla sijastaafu. Jina langu ni Wangari. Madereva wetu, waliosindikiza malori ya chakula hadi Lokichoggio, walipewa bastola, kwa kuwa mtu aliyeshika usukani hawezi kushika bunduki ndefu. Kila Ijumaa asubuhi nilizikagua bastola hizo mbele ya gwaride.

Kazi hiyo nilifundishwa nyanda za juu, penye ukungu, ambako chuma kikiachwa kikavu hupata kutu upesi. Kwa hiyo nilikuwa na sheria moja: mtutu usuguliwe kwa brashi, kisha upakwe mafuta mpaka ung'ae ndani. Ambaye mtutu wake haukung'aa alirudia kazi.

Mtutu wa Konstebo Ekal, mmoja wa madereva, haukung'aa. Ulikuwa safi, lakini mkavu.

"Mafuta yako wapi?" nilimwuliza.

"Nimepaka kidogo, mama, halafu nikapangusa. Hii mchanga ya hapa inapenda mafuta. Ukiacha mingi, inaingia inakaa."

"Nani amekufundisha hayo?"

"Baba yangu."

"Baba yako alikuwa mkaguzi wa silaha?"

"Alikuwa na ng'ombe, na bunduki ya kuwalinda."

Askari walicheka. Kipngeno, ambaye hakuweza kunyamaza hata kanisani, akasema, "Ekal anapangusa bastola kama kikombe cha chai ya mkwe!"

Ningeweza kuishia hapo. Badala yake niliinua sauti ili wa mwisho katika mstari asikie: "Basi wewe si askari. Wewe ni mchungaji aliyevishwa sare." Nikamsimamisha juani saa nzima, ameuinua mtutu mkononi, wenzake wakipita mbele yake. Kisha niliujaza mafuta kwa mkono wangu mwenyewe na nikamkataza kuupangusa.

Jumanne iliyofuata tulikwenda Lodwar kwa jaribio la kulenga shabaha. Aliyefaulu angeingia mafunzo ya ukoplo, na Ekal alikuwa ameyangoja kwa miaka sita. Tulisafiri kwa lori lililo wazi, upepo ukitupiga mchanga usoni njia nzima.

Risasi mbili za kwanza za Ekal zilipiga katikati. Ya tatu haikuingia vizuri katika chemba, pale nyuma ya mtutu risasi inapokaa, bastola ikakwama. Alijaribu tena, ikakwama tena. Ofisa msimamizi aliitwaa, akahakikisha haina risasi, akachungulia ndani.

"Mtunza silaha ni nani?"

"Ni mimi, bwana."

"Hii imekuwaje?"

Nililijua jibu. Nilikuwa nimekwisha kuuona utando wa mchanga na mafuta ukingoni mwa chemba. Nikasema, "Ni uzembe wa askari, bwana. Hakuisafisha."

 Ekal aliyaepusha macho yake nami, kama mtu anayemwona mkwewe amefunguka nguo. Jina lake likakatwa palepale kwa kalamu nyekundu, nami nikatia sahihi chini yake.

Tuliporudi Kakuma niliifungua bastola ile. Nilitoa magazini, nikahakikisha chemba ni tupu, nikautoa mtutu. Nilipitisha kitambaa kuanzia upande wa chemba hadi mdomoni, kikatoka na matope ya kijivu, mazito kama uji. Nilifungua nyingine nne; tatu zilikuwa hivyo. Ya Kipngeno pekee ilikuwa kavu.

Nikamwita. "Hii ulifanyaje?"

Alikuna kichwa. "Sajini, nilikuwa nakudanganya. Ukishakagua, mimi natoa mafuta yote."

"Mbona hukuniambia?"

"Nani? Mimi? Nisimamishwe juani? Kila mtu hapa anajua, anaogopa tu."

Kumbe walijua. Kituo kizima kilijua isipokuwa mimi. Hata hivyo nilinyamaza miezi mitano. Nilijiambia kwamba nastaafu na kwamba Ekal ataitwa tena mwakani. Aliondolewa kwenye malori akawekwa kulinda lango, na kila asubuhi nilipopita aliniamkia kwa adabu ileile: "Ejok, mama." Salamu ile ilinichoma. Nilianza kutumia mlango wa nyuma, mimi niliyekuwa nikiwakaripia wengine kwa kuutumia.

Mwezi wa Januari mwaka 2013 nilipanda gari kwenda Lodwar nikiwa na barua ya kukiri kosa langu. Mkubwa wangu aliisoma mara mbili.

"Mama Wangari, achana na jambo hili. Nikiipokea, onyo litaingia katika faili lako. Unataka kustaafu na doa?"

"Doa ni langu, bwana. Yeye amelivaa miezi mitano."

Aliigonga barua mhuri. Jina la Ekal likaingizwa katika mafunzo ya Machi. Nilirudi nikamweleza pale langoni, nikidhani nimemaliza.

"Asante, mama," alisema. "Lakini barua ni ya ofisi. Hawa watu hawajaisoma. Mimi uliniita mchungaji mbele yao."

Ijumaa iliyofuata niliwapanga askari wote.

"Konstebo Ekal alisema kweli kuhusu mafuta, nami nikamdhalilisha," nilisema. "Bastola yake ilikwama kwa sababu yangu. Ofisa aliponiuliza, nilidanganya. Mzembe nilikuwa mimi."

Hakuna aliyecheka, hata Kipngeno. Nilitandika kitambaa chini, nikapiga magoti, nikaifungua bastola. "Konstebo, nifundishe."

Alichuchumaa kando yangu. "Anza upande wa chemba, mama. Brashi itoke mbele, usiirudishe na uchafu. Sasa kitambaa. Sasa tone moja la mafuta. Moja tu! Sasa kikavu. Kingine. Mpaka kitoke vile kiliingia."

Jua lilikuwa limepanda na jasho lilinidondoka mikononi. Nilipomaliza nilimkabidhi mtutu kwa mikono miwili. Aliuelekeza penye mwanga, akaukagua polepole huku mstari mzima ukingoja.

"Bado, mama," akasema. "Rudia."

Nikaupokea, nikarudia.