Mkalimani Mpya wa Masjala

Jumatatu saa mbili asubuhi, fundi wa kompyuta wa masjala ya raia alimwondoa mkalimani wa zamani akaweka mpya. Mkalimani ni programu inayokaa nyuma ya programu nyingine zote: zenyewe hutoa amri, yeye huzitekeleza. Wa zamani alikuwa mzito kama gunia la saruji, lakini mwelewa. Ukimpa amri nusu, nusu ya pili alijimalizia. Mpya alikuwa mwepesi na alifuata kitabu cha kanuni neno kwa neno. Amri asiyoielewa aliiruka, akaendelea na kazi. Fundi alimjaribu kwa faili za watoto waliozaliwa mwaka huo, kwa sababu za wazee zilichelewa kufunguka na chai ilikuwa inapoa. Zote zilipita.

Saa nne baba yake fundi alikwenda kuchukua dawa za presha. Katika faili yake, amri ya kuuliza kama yu hai iliandikwa zamani, kwa njia ya mkato. Mkalimani aliiruka, na mzee akahesabiwa si hai. Muuza dawa alitazama kompyuta, akamtazama mzee, akafunga dirisha. Mzee alirudi nyumbani hana miguu.

"Umevaa viatu, baba?" fundi aliuliza jioni.

"Nimevaa. Navyo vimekwenda."

Jumanne mzee alikuwa ameishia kiunoni, anamenya chungwa. Kuirekebisha faili yake hakukuwezekana, maana faili ya asiye hai haifunguliwi. Fundi alimwendea mkurugenzi, akamweleza kuwa kumrudisha mkalimani wa zamani ni kazi ya dakika mbili na sahihi moja.

"Foleni zimepungua nusu," mkurugenzi alisema. "Nimrudishe kwa ajili ya wazee wangapi?"

"Elfu nne na mia moja. Mmoja ni baba yangu."

"Pole sana. Lakini kanuni hazijabadilika. Wao ndio waliozoea vibaya." Akamsogezea bakuli la peremende. Fundi alichukua moja, kwa adabu.

Alhamisi mzee alikuwa amebaki uso na mkono mmoja.

"Kesho namrudisha bila sahihi," fundi alisema. "Wakinifukuza, wanifukuze."

"Hutamrudisha, mwanangu. Nilipokuwa fundi pale, mkalimani wa kabla ya huyo wa zamani nilimwondoa mimi. Nami niliapa hivyohivyo."

"Nani alipotea?"

"Bibi yako. Nilikuwa nangoja kupandishwa cheo."

"Mlituambia amesafiri."

"Tulisema hivyo," mzee alikubali, akaomba maji. Fundi alimnywesha, akamfuta mdomo, kisha akalia huku ameshika kikombe. Mzee alimwacha alie.

Ijumaa fundi aliandika amri ya kumrudisha wa zamani, akaweka kidole juu ya kitufe. Alimpenda baba yake kuliko kazi ile, alilijua hilo vizuri kabisa, na hakubonyeza. Kidole kilikaa pale hadi saa sita mchana, mkurugenzi alipopita na barua ya pongezi. Ilihitaji kusainiwa, akaisaini.

Aliporudi nyumbani kiti kilikuwa kitupu na mto wake bado umebonyea. Jirani alikuwa anaanika nguo uani, akamuuliza kama mzee hajambo.

"Amesafiri," fundi alisema.

Jirani aliitikia kwa kichwa, akabana shati kwenye kamba. "Hata mama yangu," alisema. "Tangu jana."