Bahari Aliposhuka Stendi ya Msamvu

Usiku wa kuamkia leo niliota nimeupandisha mji mzima wa Morogoro kwenye mizani ya malori, ili nijue uchumi wake una uzito gani. Kalamu ilikuwa sikioni na fomu mkononi, kama kawaida yangu ya kazini.

Niseme mapema kwamba mimi si mtu wa kuota ovyo. Naitwa Skolastika Mkude, nina miaka kumi na tisa katika ofisi ya mipango, na kazi yangu ni kuupima mji: uchumi wake, utambulisho wake, na ubora wa maisha ya watu wake. Ila jana jioni binti yangu Fortunata alinipigia simu kutoka Dar es Salaam. Kampuni anayofanyia kazi inataka asaini mkataba wa miaka mitano. Shule moja ya hapa kwetu nayo inamtaka aje kufundisha hesabu, kwa mshahara mdogo. Wote wanataka jibu leo saa tatu asubuhi.

"Mama, usinijibu kama mama," aliniambia. "Nijibu kama ofisa. Moro kuna nini cha kunirudisha?"

Nikamwambia nitampa jibu asubuhi. Nililala moyo umenijaa, maana namtaka arudi, na naogopa kumdanganya mwanangu.

Basi mji uko juu ya mizani. Umekaa kitako, soko mapajani, vyuo vyake vimebebwa mgongoni. Mizani inakohoa.

"Mama, huu mji haupimiki," inasema. "Kila nikitaka kusoma, malori yanapita juu yake kwenda Dodoma, Iringa, mpaka Kongo. Huu uzito ni wa wapita njia."

"Ondoa wapita njia," naagiza. "Soma kinachobaki."

Mizani inawaondoa. Wanabaki wanafunzi, mafundi, kina mama wanaoteremka mlimani na kabichi vichwani, na wazee waliostaafu kiwanda cha viatu kilichofungwa zamani, bado wamevaa viatu walivyovishona wenyewe. Mizani inawaza kidogo.

"Wastani," inasema. "Andika wastani."

"Wastani ni kilo ngapi?"

"Wastani ni wastani, mama. Haumuui mtu wala haumtajirishi."

Naandika. Nainua uso, nipo stendi ya Msamvu, na sikumbuki kupanda chochote. Fomu imefunguka yenyewe ukurasa wa pili, wa utambulisho, na sasa ndiyo inayosema.

"Jaza jina la mji na kasoro yake."

"Na sifa zake je?"

"Sina safu ya sifa, Bi Skola. Nyie wenyewe mnajiita mji kasoro bahari. Mimi nimefuata mlivyojiita."

Jina hilo nimelitamka maisha yangu yote kwa maringo, nikimaanisha kwamba hapa kila kitu kipo isipokuwa bahari. Sikuwahi kufikiri kwamba mtoto aliyekulia humu anaweza kusikia ile kasoro peke yake. Naona aibu, nimesimama katikati ya mabasi.

Hapo ndipo Bahari anashuka kwenye basi la Dar. Namtambua kwa sababu abiria wengine wote wanaoshuka wamelowa hadi kiunoni, na hakuna anayelalamika. Amevaa kitenge cha buluu, anaburuta begi la magurudumu.

"Shikamoo," nasema, maana kwa vyovyote ni mkubwa kwangu.

"Marahaba. Nimekuja kuziba kasoro. Ile nafasi bado ipo?"

Fomu inatetemeka kwa furaha. Inasema mji ukipata bahari alama zote zinajaa, unakuwa jiji papo hapo, hakuna kikao tena. Inataka sahihi yangu tu.

"Atakaa wapi?" nauliza. "Hapa hapana nafasi."

"Mlima utapisha," fomu inajibu.

Natazama juu. Uluguru umeshaanza kufunga virago. Unakunja mawingu yake moja moja na kuyapanga. Wale kina mama wa kabichi wamesimama hewani, pale pale walipokuwa wakiteremka, wanasubiri kuambiwa waelekee wapi. Mmoja ananiangalia mimi, bila hasira, kama mtu aliyezoea foleni za ofisini kwetu.

Nitasema ukweli: nilitaka kusaini. Niliona kabisa nikimpigia Fortunata na kumwambia rudi, mwanangu, kasoro imekwisha. Mkono ulikuwa umeshaandika herufi ya kwanza ya jina langu.

Lakini mimi ni mtu wa utaratibu, na ukurasa wa tatu ulikuwa haujajazwa. Ule wa ubora wa maisha unataka mhamiaji ahojiwe.

"Huko utokako," namuuliza Bahari, "maisha yakoje?"

Anaketi juu ya begi lake. "Mazuri. Nina meli, nina mahoteli. Watu wanakuja kupiga picha na mimi." Analamba midomo. "Ila nina kiu."

"Wewe?"

"Tangu nizaliwe. Maji yote haya, dada, hata tone moja halinyweki. Nikasikia huku kuna mlima unatoa maji baridi. Hayo ya kuziba kasoro nilisema tu ili nikatiwe tiketi."

Sasa tupo jikoni kwangu, Kilakala. Bahari ameketi kwenye kigoda, maji yake yamefika dirishani, lakini hayalowanishi kitu. Nachota kikombe mtungini, nampa kwa mikono miwili. Anakunywa akiwa amefumba macho. Kikombe cha tatu analia, na machozi yanaporudi kwake sioni tofauti yoyote. Nje nasikia mlima unafungua virago vyake, unayarudisha mawingu mahali pake.

Ninafuta ile herufi niliyoandika.

"Limebaki swali moja," fomu inasema kwa kununa. "Mkaguzi mwenyewe anaishi wapi, na kwa nini?"

Miaka kumi na tisa sijawahi kuliona swali hilo. Naandika kwamba naishi hapa kwa sababu mume wangu amezikwa makaburi ya Kola na napafikia kwa miguu. Kwa sababu asubuhi nikifungua mlango mlima upo, na muuza mboga anajua nisichopenda. Naandika pia kwamba umeme hukatika, na kwamba mtoto wa jirani alimaliza chuo, huu ni mwaka wa tatu, na bado anauza vocha. Kisha kalamu inaandika jambo ambalo sikulipanga: meza yangu ina viti vinne, na nakula peke yangu.

"Hayo ni maoni," fomu inasema. "Mimi napokea takwimu."

"Kiti kimoja kati ya vinne," Bahari anaiambia. "Asilimia ishirini na tano."

Fomu inatafakari, kisha inakubali.

Bahari anasimama, ananionyesha dumu tupu. "Nijazie na hili. Si langu. Kuna mtu kule kwangu ana kiu na mwenyewe hajijui."

Namjazia mpaka shingoni. Analibeba begani, ananishukuru, anatoka kwa mlango wa uani.

Nimeamka saa kumi na mbili na nusu, simu inaita. Ni Fortunata.

"Mama, kabla ya tathmini yako nikuulize kitu. Maji ya kisima chetu huku yana chumvi, chai yake ukinywa unadhani mchuzi. Leo nimechota, matamu. Mama mwenye nyumba amechota baada yangu, kisima hicho hicho, ndoo yake ina chumvi kama siku zote. Ni yangu tu."

Nilikaa kitandani. "Yana ladha gani?"

"Ya nyumbani," alisema. "Baridi kabisa, na joto lote hili la huku." "Haya, ofisa. Moro kuna nini?"

Nikamwambia. Kazi ni chache. Mshahara ni huo huo uliousikia, usitegemee waongeze. Umeme bado unakatika. Mlima upo. Na mimi nakula peke yangu.

"Hiyo ya mwisho ni ya ofisa au ya mama?"

"Ya mama," nilisema. "Za ofisa zimeisha."

Nikasikia kikombe kinagonga ndoo, akachota, akanywa taratibu nikimsikiliza. Kisha akasema ataanza kuwapigia shule kuwaambia anakuja, kampuni baadaye.