Kizuia Moto cha Bi Kadija

Siku hiyo mjinga alikuwa Anselim. Tuseme mapema, tusije tukamsingizia mtu mwingine. Mwenyewe hakatai, ukimkuta ameshiba atakusimulia yote, na atakuongezea vipande vya ujinga ambavyo hata hukuviuliza.

Ilikuwa Mei, mwaka tisini na sita, Ifakara nzima inanukia mpunga mpya. Masanja, mfugaji wa Kisukuma aliyelima karibu na Kivukoni, aliingia karakanani kwa Anselim na ekseli ya mkokoteni begani, imekatika vipande viwili.

"Fundi, mpunga wangu umeshakatwa, umelala shambani," alisema akihema. "Mawingu hayo unayaona. Ikinyesha kabla sijausomba, utaota humo humo. Ng'ombe ninao, watu ninao. Ekseli ndiyo hiyo."

"Adhuhuri haikukuti hapa," Anselim akajibu, kifua mbele.

Mitungi yake ya gesi na oksijeni ya kuchomelea chuma ilikuwa na wiki moja tu. Asubuhi hiyo alikuwa amenunua vizuia moto viwili kwa Bi Kadija, mwenye duka la vipuri karibu na soko. Ni vidude vya shaba, urefu wa kidole gumba, vinavyofungwa pale mpira unapoungana na kichomeo; moto ukitaka kurudi ndani ya mpira, vinaufungia njia. Anselim hakuvinunua kwa kupenda elimu. Alivinunua kwa sababu ya Raimundi, fundi wa kijiji cha Mbingu, ambaye moto ulimrudia, mpira ukapasuka, akatembea miezi miwili bila nyusi. Kila aliyemsalimia alidhani Raimundi ameshangazwa na jambo.

Sasa, Anselim alipima kila kitu kwa mdomo. Bomba la mafuta, pampu ya baiskeli, vyote alivipuliza kwanza. Akakitia mdomoni kizuia moto cha gesi, akapuliza. Kimya. Akapuliza tena, mashavu yakavimba kama chura wa masika, macho yakamtoka. Hewa haikupita hata ya kumzimia mtu kiberiti.

"Kimeziba," alisema.

"Lete." Masanja, mtu wa kifua kipana, akakishika vile vile kilivyokuwa, akapuliza mpaka kofia ikaanguka. "Gashi! Kumbe na mimi kimenishinda. Fundi, si uchome bila hicho? Mawingu hayo!"

Anselim akatazama mawingu. Akakumbuka nyusi za Raimundi. Akatoka mbio kwenda dukani.

"Umeniuzia kibovu!" alipayuka kabla hajafika mlangoni.

Bi Kadija alikuwa anapanga bolti kwenye makopo. Hakuinua kichwa. "Shikamoo umeiacha karakanani?"

"Shikamoo, Bi Kadija."

"Marahaba. Haya, kibovu kipi?"

Anselim akapuliza mbele yake na mbele ya wateja wawili, mashavu yale yale, macho yale yale. Bi Kadija akangoja amalize. Kisha akakichukua, akakifuta kwa upindo wa kanga, akakigeuza, akapuliza taratibu kama anayepoza uji. Hewa ikapita, fyuu, ikamgonga Anselim usoni.

"Huo ndio upande wa mtungi," alisema. "Ulikuwa unapulizia upande wa moto, nacho kikakukatalia. Kingekukubalia, ndipo ungeniletea kesi."

"Kwa hiyo kinapitisha upande mmoja tu?"

"Kingepitisha pande zote, ningekuuzia kipande cha bomba."

Wateja wakacheka hadi mmoja akashika meza. Anselim naye akacheka, maana angefanyaje, akarudi karakanani mbio akavifunga vyote viwili.

Kazi ikaenda vizuri. Chuma kikayeyuka, kikashikana. Zilibaki inchi mbili. Masanja akatazama juu, akasema, "Limenidondokea tone, fundi," na Anselim kwa haraka akausogeza mdomo wa kichomeo mpaka ukagusa chuma.

Pa!

Moto ukazama ndani ya kichomeo, ukapiga mbinja kwenye shingo ya kichomeo kama treni ya Mlimba. Mpini ukawa moto. Anselim, badala ya kufunga oksijeni, alisimama akiutazama. Halafu gesi ikakatika yenyewe. Mbinja ikafa. Akazinduka, akafunga koki zote, akajigusa nyusi: ya kulia ipo, ya kushoto ipo.

"Mpira mzima," Masanja alinong'ona, ingawa alikuwa ameshafika nyuma ya mti.

Kichomeo kilipopoa, Anselim akafungua kizuia moto cha gesi, akapuliza, safari hii upande wa mtungi. Hakikupitisha kitu. Akatoka mbio tena.

"Shikamoo Bi Kadija kimekufa!"

"Marahaba. Umegusisha mdomo wa kichomeo kwenye chuma?"

Anselim akatazama makopo ya bolti.

"Chukua kingine," alisema Bi Kadija. "Zibua huo mdomo kwa waya, pima mipira kwa povu la sabuni, kisha kamalize. Ugomvi wetu utakusubiri hapa. Mpunga wa mwenzio hausubiri."

Akafanya alivyoambiwa, hatua kwa hatua. Kabla ya saa sita ekseli ilikuwa chini ya mkokoteni, ng'ombe wanne wanakwenda nusu mbio, Masanja amesimama juu anaimba Kisukuma kwa sauti ya kuwakimbiza kuku. Mvua ilikuja saa kumi na moja. Ilikuta shamba tupu na mpunga ghalani, na Masanja mlangoni, anaitukana kwa furaha.

Jioni hiyo Anselim alirudi dukani kumalizia ugomvi. Aliweka kidude kilichokufa mezani.

"Hicho ulichonipa badala yake nitakulipa, Bi Kadija, lakini hiki nibadilishie. Nimekitumia saa moja! Nyundo yangu ina miaka kumi na moja."

"Humo ndani kuna kitu kikipata joto kali kinajifunga, hakifunguki tena. Ndivyo kilivyotengenezwa."

"Kitu kizima, cha shaba, kinakufa siku ya kwanza kazini! Huo ni uimara gani?"

Bi Kadija akakisukuma kwa kidole mpaka kikamfikia kifuani.

"Leo mmoja wenu ilikuwa lazima afe, fundi. Kama imekuuma kimekuchukulia zamu yako, kirudishie."